Shingo ya Besi ya Chance

Papa Wenceslas, fundi wa magitaa pale Majengo, hakuweza kuvumilia gitaa chafu. Ukimpelekea besi yako, lile gitaa la sauti nzito, akubadilishie uzi mmoja tu, ataisugua yote, na bado atakugombeza: "Hii ni mbao nzuri ya libuyu, si mwiko wa kusongea fufu!" Miaka ishirini alifanya kazi akisubiri neno moja la mteja: imekuwa mupya.

Mwezi uliopita Mama Eugénie alimletea besi ya mwanawe, Chance, aliyeipiga kanisani tangu akiwa shule hadi risasi ilipomkuta mlangoni kwao. Ilikuwa haitoi sauti kwenye spika. Wenceslas akaunga waya uliokatika ndani, kazi ya dakika kumi. Kisha, kwa huruma, akaendelea. Nyuzi akazichemsha mpaka jasho la vidole likatoka. Nyuma ya shingo, pale kidole gumba kinaposhika, mbao ilikuwa imelika na kuwa nyeusi. Akaipiga msasa hadi ikalingana, akapaka vanishi mara tatu.

Alipokuja kuichukua, Mama Eugénie hakuijaribu kwenye spika. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba chake nyuma ya shingo, polepole, kutoka juu hadi chini, halafu akarudi juu.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Mahali mutoto alikuwa anashika. Kila asubuhi nilikuwa naweka kidole yangu pale."

Wenceslas akatazama sakafu. Alikuwa ameshafagia vumbi lote la msasa.

Mama akaifunga besi ndani ya kitenge chake.

"Aksanti, Papa," akasema. "Imekuwa mupya."