Namba ya Cheti cha Marehemu Daktari

Ofisini walimwita Mama Tarakimu, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kufuta vyeti vya kidijitali, vile vinavyothibitisha kwamba sahihi ya kwenye kompyuta ni ya mtu fulani kweli. Kila cheti kina namba yake, ndefu kuliko subira ya watu wengi. Yeye alizisoma kwa sauti, tarakimu mbili mbili, kidole kikitambaa juu ya karatasi.

Asubuhi hiyo aliingia mjane wa daktari, mkoba ameukumbatia kifuani. Mumewe alifariki mwezi uliopita, na cheti chake kiliombewa kufutwa wiki ileile.

"Dada, jana dawa kali ziliandikwa kwa sahihi yake. Mume wangu yuko kaburini. Nani anaandika?"

Mama Tarakimu alifungua orodha ya vyeti vilivyofutwa. Namba aliyoiingiza mwenyewe ilianza vizuri. Kuanzia tarakimu ya kumi na sita zilikuwa sifuri tupu hadi mwisho.

Alimwita fundi wa kompyuta, naye akaja na mzaha wake wa kila siku. "Mama Tarakimu, leo zimekukosea nini?" Alipotazama kioo cha kompyuta, mzaha ulimkauka mdomoni. "Uliinakili kutoka kwenye jedwali la hesabu la kompyuta?"

"Si mwezi uliopita mlisema tuache kusoma, tunakili tu?"

"Jedwali limedhani ni hesabu. Namba ikiwa ndefu mno, linashika tarakimu kumi na tano za mbele, zilizobaki linazifanya sifuri. Namba hizi zilipaswa kuhifadhiwa kama maandishi."

Kumbe alifuta cheti kisicho cha mtu yeyote, na cha daktari kiliishi mwezi mzima mikononi mwa mwizi. Angeweza kuisingizia mashine. Fundi alikuwa tayari kumuunga mkono.

"Kosa ni langu, mama," alimwambia mjane. "Karatasi ya maombi yenye namba kamili ilikuwa hapa mezani. Sikulinganisha."

Mjane aliisogeza karatasi mbele yake. "Basi isome sasa. Nisikie."

Akasoma, mbili mbili, mjane akirudia kila jozi kama anayeitikia dua, mpaka tarakimu ya thelathini na nane. Kioo kikajibu: kimefutwa. Mjane akainama, akaisoma yote upya kwa macho yake, kisha akafunga mkoba.

"Sasa amekufa kweli," alisema, akatoka.

Mama Tarakimu alitoa karatasi zote za mwezi ule, akaanza na ya kwanza. Kwa sauti.