Wifi Alivyojifungua kwa Uchungu Wangu

Niseme mapema: wivu ninao. Wifi yangu, dada wa mume wangu, nimemwonea wivu tangu siku niliyotoka Usinge kuja kuolewa kwao Mtendeni. Yeye mtoto wa mjini, watu wa maduka, maneno laini. Akiingia mahali watu wanasogea apate kukaa. Mimi nikiingia wananiuliza nimetumwa na nani.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Wifi ndiye aliyenisindikiza, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia, mlango nusu wazi. Alisikia yote. Uchungu ulipozidi, Kiswahili cha shule kilinikimbia, nikawa namwita mama yangu kwa Kinyamwezi: "Mayo! Mayo wane!" Nesi akamgeukia mwenzake akaniigiza, "Mayo, mayo," wakacheka mpaka mmoja akajishika kwenye meza. Kisha akaniambia, "Kelele kapigie huko porini kwenu. Hapa kuna watu." Mtoto alipotoka nikapewa dekio. Nikadeki damu yangu mwenyewe, miguu inatetemeka.

Miezi mitatu baadaye wifi akajifungua palepale, kwa nesi yuleyule. Akasuguliwa mgongo. Akaitwa "mama kijacho wangu". Akamiminiwa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya nesi mwenyewe. Safari hiyo benchi lilikuwa langu, na mimi nikasikia yote. Nilipaswa kumchukia nesi. Nikamchukia wifi, kwa sababu nesi yuko mbali na wifi tunapika jiko moja.

Basi mwaka huu, siku ya kupima watoto uzito, mganga mfawidhi akatutangazia kwamba watumishi wa afya watapewa semina ya huduma inayomjali mgonjwa, na anatafutwa mama mmoja akawasimulie yaliyomkuta wodini. Niliinua mkono mpaka kanga ikaniteremka.

"Utaweza kusema mbele za watu?" akaniuliza.

"Nimemaliza kidato cha nne, daktari. Na ninayo ya kusema."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," akajibu, na akina mama wakacheka. Kidole chake kikanipita, kikatua kwa wifi.

Jioni, wifi akanifuata jikoni. "Wifi, si twende wote? Unishikie mtoto."

"Kwani mimi yaya wako?"

"Kutakuwa na sambusa."

"Sambusa kale na nesi wako."

Lakini nilikwenda. Nilitaka kusikia ana malalamiko gani mtu aliyesuguliwa mgongo.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa kama bibi harusi. Kila nesi ana beji shingoni, daftari jipya, kalamu. Nilikaa nyuma kabisa, mtoto wangu mgongoni, wa wifi mapajani, nikayaonea wivu hata yale madaftari. Watu wazima wanapewa cheti kwa kujifunza kutomtukana mzazi! Sisi kwetu tulijifunza hilo kwa kofi moja, kabla ya kuanza shule.

Mwezeshaji, dada mmoja kutoka Dar, alimwinamia wifi karibu yangu kabisa. "Mpenzi, usije ukatusifia tu. Tunataka kitu kitakachowagusa."

Wifi akanitazama. Kisha akatazama hina ya viganja vyake. Kisha akaenda mbele.

"Nilipozidiwa," akaanza, "nilimwita mama yangu. Mayo, mayo wane."

Nikaganda. Tangu aanze kusema, huyu amekuwa akimwita mama yake Ummi, si mayo. Akaendelea. Akatoa kicheko, akatoa porini, akatoa dekio, na alipofika kwenye miguu akaitetemesha kidogo chini ya baibui. Manesi wakajifuta macho. Mwezeshaji akamletea leso. Nami nililia, na si kwa huruma. Uchungu ule ulikuwa wangu, na hakuna aliyewahi kunipa leso kwa ajili yake. Ulimpendeza yeye kuliko ulivyonipendeza mimi.

Yule nesi wetu alikuwa safu ya tatu. Niliona shingo yake ikikakamaa. Akageuka taratibu, akanitafuta, akanipata. Alijua ile "mayo" ilikuwa ya nani.

Likafuata zoezi. Kila mtumishi amsikilize mtu mmoja kwa dakika mbili, simu ihesabu, asikatize hata kwa kikohozi, halafu arudie alichosikia. Wifi alishazungukwa kama mtu wa kwenye runinga. Nesi akasimama na kiti chake, akaja mpaka nyuma.

"Naweza kukusikiliza?" Sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi.

"Kaa."

Akaweka simu juu ya goti. Nami nikafunguka. Nikasema wifi ni mwizi. Nikasema amezoea kupewa, mpaka akikosa anachukua. Nikasema habari za viti anavyosogezewa, za mama mkwe anayemwekea yeye paja la kuku, za hina, za chai ya tangawizi. Nikasema mengine ambayo sitayaandika maana mume wangu anasoma. Simu ikalia nikiwa nimerudi kwenye paja la kuku.

"Nimesikia kwamba wifi yako amekuumiza," nesi akasema kama walivyofundishwa. "Amekuibia. Umechoka kulinganishwa naye." Akainamisha macho. "Mimi hukunitaja."

Kweli. Dakika mbili nzima, mtu mwenyewe yuko mbele yangu, mdomo umefungwa kwa amri ya semina, na mimi nimezimaliza kwa wifi. Nilisikia uso ukiniwaka. Mbele huko mwezeshaji akapiga makofi: "Chai, jamani, chai!" Viti vikaanza kuburutwa. Nesi naye akanyanyuka nusu, na niliuona unafuu usoni mwake.

Nikamshika kamba ya beji.

"Weka nyingine."

"Wametangaza chai, dada."

"Chai ulishanywa na wifi yangu. Weka nyingine."

Akakaa. Akairudisha simu gotini, akaweka dakika mbili nyingine. Mtoto wa wifi nikamlaza begani ili nimwone nesi vizuri usoni, nikaanza:

"Mimi ndiye uliyenipa dekio."