Simu Ilipopima Mguu wa Mwanangu

Binti yangu alizaliwa mguu wa kulia umepinda, unyayo ukiutazama mguu mwenzake. Kwetu Micheweni wakasema nilikata kitu mwezi ulipopatwa nikiwa na mimba. Sikukata kitu. Siku zile nilikuwa nafunga mwani kambani baharini, na huo mwezi sikuuona.

Wiki baada ya wiki tulikwenda kliniki akafungwa plasta, mpaka mguu ukanyooka. Kisha akapewa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, awe analala navyo hadi atimize miaka minne. Muuguzi akaniwekea programu kwenye simu: unapiga picha ya unyayo, nayo inachora mistari na kukupa pembe ya mguu.

"Namba ikizidi hii ya leo," aliniambia, "usingoje siku ya miadi."

Mtoto alivililia viatu vile. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alivumilia mwezi, akachoka.

"Wamtesa mtoto. Mguu ushapona, mvue hivyo vyuma."

Mume wangu akatoka zake nje. Nami, nisifiche, nilimvua.

Wiki ya tatu bila viatu nilimlaza mkekani nikampiga picha. Kwa macho mguu ulikuwa sawa. Simu ikatoa namba kubwa kuliko ya kliniki. Nikamsogeza mlangoni penye mwanga, nikapiga tena. Kubwa vilevile. Nikaona haya, kisha nikashikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Nikampelekea mama mkwe simu. Hakuitazama.

"Kwani simu ndo daktari? Hayo ni majaaliwa ya Mungu."

"Taib, mama. Na mimi kuwa mamake pia ni majaaliwa ya Mungu. Simvui tena, hata mkinitoa nyumba hii."

Sikuwa nimepata kumjibu hivyo tangu niolewe. Kesho yake nikambeba mtoto, nikapanda gari ya kwanza. Muuguzi aliupima mguu kwa mkono, akaupima kwa simu, akasema: plasta tena. Mtoto alilia. Mimi sikulia.

Mama mkwe hakusema nami kwa siku nyingi. Wenzangu wa mwani wakaniita mkaidi. Niliwaambia waniite watakavyo, ila viatu havivuliwi.

Sasa ana miaka mitano. Shavu la mguu wa kulia ni jembamba kidogo, basi. Akitoka chuoni kusoma Kurani hukimbia na kandambili mkononi, bibi yake akimwita nyuma asianguke. Anaitwa, wala hasimami.