Usukani Mzito wa Baba

Baba aliacha kuendesha gari mwezi wa sita, majira ambayo ukungu wa Songea hulala juu ya mapaa asubuhi nzima na hujui kama umeamka au bado unaota. Alirudi kutoka misa ya kwanza, akashindwa kukata kona ili pikapu iingie getini, akaiacha imekaa kimshazari, nusu barabarani. Akaingia ndani, akamwambia mama, "Mikono yangu imekwisha." Basi. Hatukubishana naye, kwa sababu sote tulikuwa tumeshaona anavyozeeka.

Mama akaanza kumkanda kwa mafuta ya nyonyo kila jioni, kuanzia begani hadi kwenye vidole. Baba aliinyoosha mikono yake juu ya magoti kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni, akawa anatazama dirishani tu. Mimi niliumia. Mikono ile ndiyo iliyonifundisha kushika jembe. Ndiyo iliyotuzungusha Mjimwema yote, sisi tukiwa nyuma ya pikapu tumefungua midomo kuumeza upepo. Niliuchukia uzee, nikawa namfokea kila mtu nyumbani, hata kuku waliohamia chini ya gari.

Tungeujua ukweli mapema kama pale kwetu mtu mwingine angekuwa anaugusa usukani ule. Lakini haikuwa desturi. Kaka zangu wana leseni, nami ninayo, ila hata gari likitakiwa kusogezwa hatua mbili tulimsubiri baba. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza.

Aliyeivunja ni mama. Alichoka kupakia mahindi kwenye bodaboda kila anapokwenda mashineni, akaniambia, "Liendeshe wewe. Akiuliza, mwambie ni mimi." Nikawasha. Nikazungusha usukani kushoto, ukakataa. Nikaukamata kwa mikono miwili, nikausukuma hadi kwa bega, ukasogea kidogo huku kitu kikilia ndani ya boneti, mlio mrefu wa kusinzia, kama ng'ombe wa mbali. Mimi si mwanamke mlegevu. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nikazima, nikakaa, nikauangalia ukungu unavyopita mbele ya kioo, na wazo likanijia polepole hata nikaogopa kulishika.

Nilikwenda Msamala mwendo wa konokono, kwa fundi mmoja wa Tunduru mwenye utani mwingi. Alisikiliza ule mlio, akachungulia, akacheka.

"Dada, pampu ya stelingi, hii inayolainisha usukani, imekufa siku nyingi. Aliyekuwa anaendesha hili gari alikuwa anakula nini?"

"Ni mzee wangu. Ameshavuka sabini."

"Mashallah," akasema, akaacha kucheka. "Basi mzee ana mikono."

Nilitamani baba angekuwepo ayasikie maneno hayo.

Fundi akalegeza mkanda, akaitoa pampu. Shafti yake ya katikati ilikuwa inacheza kama jino bovu, na mafuta yaliyomwagika yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Akafunga nyingine, akajaza mafuta mapya, akainua mbele kwa jeki. Akaniambia nipande nizungushe usukani taratibu, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, ili upepo utoke kwenye mipira ya mafuta. Yeye alikuwa anatazama mapovu kwenye kichupa cha mafuta hayo. Nikazungusha. Matairi yalikuwa hewani, injini inanguruma chini chini, na mimi nilikuwa nakata kona zote za mji huu bila kwenda popote. Kila mzunguko usukani ulikuwa mwepesi zaidi, hadi nikawa nauzungusha kwa kiganja kimoja na macho nimeyafumba. Sijui nilikaa vile muda gani. Fundi ndiye aliyenigongea mlango akisema yametosha.

Nilimkuta baba uani. Aliponiona nyuma ya usukani wake akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekuruhusu?"

"Ilikuwa pampu, baba. Haikuwa mikono yako."

Alinitazama kama mtu anayedanganywa ili afurahi. Nikashuka, nikaacha gari linaunguruma. Mama akatokea jikoni akasema, "Jaribu basi, mzee wangu." Baba akapanda. Akausukuma usukani kwa nguvu zote alizozoea kuutumia, ukazunguka wote mara moja, hata yeye mwenyewe akashtuka. Akatoka nalo, akaelekea Bombambili. Tukabaki tumesimama, mama na mwiko wake mkononi, mimi na roho juu.

Alirudi. Akazima injini, lakini hakushuka. Nikamsogelea dirishani. Alikuwa anaitazama mikono yake, anaikunja na kuikunjua, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima.

"Mikono ipo," akasema.

"Ipo, baba."

"Ila macho hayapo. Kuna mwendesha baiskeli pale njiani, nimemwona tayari nimeshamfikia. Yeye hakujua. Mimi nimejua."

Nikaanza kusema kuhusu miwani, kuhusu hospitali. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Mwanangu, mara ile nilinyang'anywa. Leo nimeacha mwenyewe."

Nililia palepale bila aibu, na yeye akashuka, akaenda kumwuliza mama kama chakula kipo.