Mama na Pande Mbili za Mlinganyo

Mama yetu Hermelinda, Mungu ampumzishe, tumemzika hapa Naranjo bila cheti cha sekondari. Alikitafuta katika shule ya jioni tangu alipofiwa na Baba, na kila mara aljebra ndiyo iliyomwangusha. Lakini sijaona mtu aliyeiamini aljebra kama yeye.

Mwalimu Yorleny, binti wa umri wa wajukuu zake, alimwandikia ubaoni 3x + 4 = 19. Toa nne upande huu, toa nne na upande ule: 3x = 15. Gawanya pande zote kwa tatu: x = 5. Kisha weka tano mahali pa x, uhakikishe. Mama alirudi akisema hiyo ni Injili tupu: unachomfanyia mmoja, mfanyie na mwenzake.

Pande zake zilikuwa mimi na kaka yangu Olger. Hatukuwa tukisemezana tangu matanga ya Baba, kwa sababu Olger aliondoka na sanamu ya Mtoto Yesu aliyoichonga Baba, ile tuliyosali mbele yake kila Januari. Mama aliomba jambo moja tu kabla ya kufa: atuone tumepiga magoti pamoja.

Akaanza kukokotoa. Tamali za Krismasi, ile mikate ya mahindi ya kufungwa majanini, zikienda kwa Olger, zilikuja na kwangu, idadi ileile. Akimgombeza Olger kwa simu, yangu nayo ililia hapohapo.

"Mpumbavu wewe."

"Nimekosa nini, Mama?"

"Hujakosa. Kaka yako nimeshamwambia, sasa ni upande wako."

Miaka ikapita, chuki ikabaki palepale. Mama akamlalamikia mwalimu kwamba hesabu zake hazifanyi kazi. Yorleny akamuuliza kama pande hizo zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Mama akafikiri. "Mmoja ana Mtoto Yesu."

"Basi huo si mlinganyo, Bi Hermelinda. Ukiwaongezea sawasawa, tofauti haiondoki."

Kesho yake, baada ya misa, Mama alipita kwa Olger kunywa kahawa. Akatoka na Mtoto Yesu kikapuni, chini ya maharagwe, akampelekea jirani yake, Bi Flory, akae naye. Sasa sote hatukuwa na kitu.

Jioni Olger akanipigia simu, mara ya kwanza tangu matanga.

"Ni wewe uliyemtuma?"

"Tangu lini Mama anatumwa?"

"Kamfunika maharagwe, Damaris. Mtoto Yesu!"

Tulimsema Mama mpaka tukachoka. Januari ile kila mmoja alikwenda kwa Bi Flory kumlinda Mtoto asije akachukuliwa na mwenzake, na Mama akapiga magoti katikati yetu, amefumba macho kama mtakatifu.

Jana tumemaliza novena yake, sala za siku tisa za kumwombea. Bi Flory akaleta sanamu imeviringishwa taulo, akauliza amwachie nani. Hoja zangu nilikuwa nazo tayari, nimezitunza miaka yote hiyo.

"Kaa naye wewe, Bi Flory," Olger akasema.

"Nilitaka kusema hivyohivyo," nikasema.

"Mwongo."

"Haya, mwongo. Lakini akae naye."

Tukapiga magoti, nafasi ya Mama ikiwa wazi katikati yetu. Yorleny, aliyekuwa nyuma, alilia kuliko sisi. Alijua kwamba Mama alikuwa amehakikisha jibu lake, na kwamba hakuna mtihani unaotoa alama kwa hilo.