Bei ya Karatasi na Bei ya Barabara

Liévin Kalenga hagongi gari kwa nyundo. Wanaosema hivyo hawajamwona akifanya kazi. Anaigeuza nyundo, anashika chuma, na kugonga kwa mpini wa mti, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika kama anataka kufunguliwa. Mlango wa bati tupu unajibu kwa sauti nyembamba. Mlango uliojazwa mastiki, ule udongo wa kuzibia mabonyeo, baada ya ajali unajibu kama kabati la nguo. Liévin anasikiliza, anaandika, halafu anamwambia muuzaji, ambaye tangu asubuhi ameapa kwa jina la mama yake kwamba gari halijawahi kuguswa:

"Hii ilipindukaka. Upande ya kushoto."

Muuzaji hukasirika. Halafu hupunguza bei.

Nyundo yenyewe ni ya reli. Baba yake Liévin alitoka Kongolo, akaandikwa kwenye karakana ya treni hapa Lubumbashi, akawaachia watoto wake vitu viwili: misa ya saa kumi na mbili asubuhi, na kazi. Kazi ya Liévin ilikuwa kukagua mabehewa. Treni ikisimama, alitembea ubavuni mwake akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama sufuria. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Kisha treni zikapungua, na mkaguzi wa mabehewa asiye na mabehewa ni mtu anayetembea tu na nyundo. Akahamia kwenye magari, ambayo hayakupungua.

Yanatoka Japani yakiwa na umri wa kustaafu, yanapita mpakani Kasumbalesa, yanaingia mjini na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo inaendesha upande wa kulia. Dereva akitaka kulipita lori, haoni kitu. Abiria wa mbele, aliyekaa kushoto, ndiye anayechungulia na kusema "Pita!" au "Ngoya!" Mtu anayenunua gari la namna hii inafaa awe pia na shemeji mwenye macho mazuri. Liévin hajawahi kupata njia ya kuliingiza hilo kwenye bei.

Bei anaziandika katika daftari la shule lenye safu mbili. Safu ya kwanza ni bei ya barabara: kiasi ambacho mtu mwenye akili zake atatoa leo, mkono kwa mkono. Ya pili ni bei ya karatasi: ile inayopelekwa kwenye nyumba ya bima ili mchango wa mwaka uwe mdogo. Bei ya karatasi huwa kama nusu ya bei ya barabara, na hakuna aliyeona haya kwa hilo. Hapa kwetu gari lina bei mbili jinsi mtoto anavyokuwa na jina la ubatizo na jina la nyumbani, na kila moja huitwa mahali pake. Ulikuwa uongo wenye adabu sana. Hata Liévin, ambaye hakosi misa, hakuwahi kuupeleka kwa padri.

Mambo yalikaa hivyo mpaka Jumanne moja, Mama Adolphine alipofika kwake kwa miguu.

Mama Adolphine hajulikani kwa kutembea. Anaishi Annexe, pembezoni mwa mji, ana shamba dogo la mihogo na mboga za lengalenga, na kila siku ya kazi anapakia sahani arobaini za bukari, yaani ugali, na samaki katika gari lake, Ipsum ya mwaka 1999, na kuzipeleka Kinsevere, kwa mafundi wa karakana moja ya malori. Ndani ya Ipsum hiyo mna kifaa kidogo ambacho Wajapani walikisahau. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa Kijapani, kwa upole mwingi. Hakuna ajuaye anasema nini. Mama Adolphine humwitikia kila asubuhi, "Eyo, mama," na safari inaanza.

"Papa Liévin," alisema siku hiyo, akikaa juu ya tairi bila kukaribishwa, "banaua motokari yangu."

"Nani?"

"Bantu ya bima. Lori iliigonga tu. Bale njo banaiua."

Lori lilikuwa limerudi kinyumenyume katika uwanja wa Kinsevere na kuikalia pua ya Ipsum. Dereva alikubali kosa na kutia sahihi. Lori na Ipsum vilikuwa na bima kwenye nyumba moja, kwa bahati nzuri au mbaya. Hilo lilikuwa bado halijaamuliwa. Kapya, fundi wa bodi, alikadiria matengenezo: dola elfu moja mia tisa. Nyumba ya bima ikafungua faili na kukuta thamani ya gari: dola elfu moja mia tano. Gari ambalo kulitengeneza kunazidi thamani yake huitwa épave, yaani mzoga. Mzoga hautengenezwi. Wangemlipa mama hizo elfu moja mia tano na kuchukua gari. Na kwa fedha hizo, Lubumbashi, unapata gari ambalo Liévin hukataa kuligonga, kwa kuogopa lisianguke.

"Na chef, mukubwa ya kule Kinsevere, anasema nini?"

"Anasema mpaka mwisho ya mwezi. Kisha atatafuta mama mungine mwenye eko na magurudumu."

Liévin alitikisa kichwa. Gari lile alilijua. Lilikuwa zima. "Elfu moja mia tano! Nani mujinga aliandikaka ile?"

Mama Adolphine alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti. Chini kabisa palikuwa na sahihi: L. Kalenga, herufi ya mwisho ikiwa na mkia mrefu kama moshi wa treni.

"Weye," alisema.

Liévin alikumbuka basi. Mwaka uliopita, mahali hapo hapo. *Tuweke kidogo, mama, usilipe bure.* Mama Adolphine alimshukuru kwa kumpa sahani ya samaki.

Kapya, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya ukuta na ambaye husikia kila kisichomhusu, alichungulia. Ni mtoto wa hapa hapa; ukoo wake ulikuwapo kabla mgodi wa shaba wa mji haujafunguliwa, na hukumbusha watu.

"Papa ya train! Lori iliharibu mbele tu. Weye uliharibu yote, na kalamu moja ya biki!"

"Kapya, rudia kazi yako."

"Niko narudia. Lakini sikia. Mama aseme aliweka motere mupya, injini nzima, kisha ya ile karatasi. Ile ilipandisha bei. Miye nitamuandikia risiti, tarehe anayotaka."

Lilikuwa shauri la kirafiki, na mjini hapa limeshafanya kazi mara nyingi. Liévin alilifikiria muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri. Kwa maana upande wa pili hali ilikuwa hivi: mtu anayekula kwa sikio lake na jina lake angelazimika kwenda mbele ya bima na kusema kwamba jina hilo liliwekwa chini ya bei ya uongo. Nani angemwita tena?

"Risiti hapana," alisema mwishowe. "Mama, Alhamisi tuende."

Alhamisi alivaa koti lake la misa. Nyundo aliiweka katika mfuko wa plastiki, pamoja na daftari.

Mwenye faili alikuwa kijana mmoja anayeitwa Précieux, mwenye tai nyembamba na kalamu tatu. Aliwakaribisha vizuri. Kukataa watu kwa heshima ndiyo sehemu ya kazi aliyoimudu zaidi.

"Mama, papa, karatasi iko wazi. Elfu moja mia tano. Na expert, mukadiriaji, alitia sahihi. Hapa: L. Kalenga."

"Ni miye," alisema Liévin.

"Alors, kuko shida gani?"

"Alors niliandikaka uongo."

Précieux aliweka kalamu chini. Watu wanaosema uongo alikuwa amewazoea. Ofisi nzima ilipangwa kwa ajili yao. Kwa huyu hakuwa na fomu.

"Papa, unajua uko unasema nini?"

"Najua. Andika."

"Na miye nilijua," alisema Mama Adolphine. "Nilitaka kulipa kidogo. Andika na ile."

"Mais mama! Kama nalipa kila muntu mwenye anakuya kusema alidanganyaka, nitalipa nani?"

"Utalipa muji muzima," alisema Mama Adolphine. "Lakini beye habatakuya. Banaogopa. Sisi tulikuya."

Liévin alifungua daftari na kulisukuma juu ya meza. "Hii ni bei ya barabara, hii ni bei ya karatasi. Siku moja, mukono moja. Angalia."

Précieux aliangalia kwa kidole, kama walivyo watu wa mafaili. Ipsum, Mama Adolphine: barabara elfu tatu mia nne, karatasi elfu moja mia tano. Kidole kikaendelea kushuka kwa mazoea tu, mstari mmoja, miwili, mitatu, kikasimama. Gari aina ya Spacio, rangi ya fedha. Barabara elfu nne. Karatasi elfu moja mia nane. Jina la mwenye gari, Précieux, lilikuwa limeandikwa vizuri sana, pamoja na alama juu ya herufi *e*.

Liévin huapa mpaka leo kwamba hakukumbuka. Tunaomjua tunamwamini, kwa sababu angekumbuka angeona haya na kufungua ukurasa mwingine.

Précieux aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Papa, mu hii buku muko bantu ngapi?"

"Mia mbili na kidogo."

"Na bote..."

"Bote."

Mtu mwingine angeficha daftari na faili pamoja, na pengine Précieux alilipima hilo pia. Lakini alikuwa kijana aliyeanza kazi akiamini kwamba bima ni kitu cha maana, na imani ya namna hiyo haifi kwa siku moja.

"Bei ya soko, siku ya ajali, naweza kuipokea," alisema polepole. "Kama naiona na macho yangu. Na mama atalipa tofauti ya mchango ya mwaka muzima. Bei moja, kuanzia leo."

"Nitalipa," alisema Mama Adolphine.

Walikwenda wote watatu kwa Kapya, ambaye alifagia uwanja alipoona tai. Ipsum ilikuwa imesimama pembeni, pua imeingia ndani, macho mawili yakitazama pande tofauti. Liévin alitoa nyundo, akaigeuza, akampa Précieux.

"Nipige miye?"

"Miye nilisema uongo. Piga weye."

Précieux aligonga mlango wa mbele. Bati. Wa nyuma, bati. Akafika kwenye mlango wa nyuma wa upande wa kulia, na sauti ikazama.

"Hapa iko mastiki," alisema Liévin kabla hajaulizwa. "Ya zamani. Toa dola mia moja. Na chini motere inavuja mafuta kidogo, toa mia mbili. Tairi mbili zimekwisha, toa mia mbili tena."

"Papa Liévin!" Mama Adolphine alimvuta koti. "Uko upande ya nani?"

"Ya motokari."

Ilibaki elfu mbili mia tisa. Précieux aliandika, halafu akasita. Dola elfu moja zaidi ya matengenezo, kwa gari la mwaka 1999 lenye sura ile: ofisini wangemuuliza. Alihitaji kitu kimoja zaidi cha kuwaambia.

"Mama, tia ufunguo," alisema Liévin. "Usiwashe. Tia tu."

Mama Adolphine aliingia, akageuza ufunguo. Kutoka nyuma ya ile pua iliyovunjika ikatoka sauti ya mwanamke, safi, isiyo na haraka, ikisema jambo kwa Kijapani.

"Eyo, mama," alijibu Mama Adolphine bila kufikiri.

"Unasikia?" Liévin alimgeukia Précieux. "Hapa kila muntu akinunua motokari anakata nyaya. Anatia radio kubwa, anatia honi, anatia taa ya buluu. Wa kwanza kunyamaza ni huyu mama. Kama eko anasema, nyaya hazijaguswa tangu Japani, na lori pia haikuzifikia. Spacio yako inasema?"

Précieux alirekebisha tai yake. "Ilinyamaza mwezi wa kwanza. Nilitia radio."

"Njo maana niliandika elfu nne tu."

Kapya alicheka mpaka akashika ukuta. Précieux alijaribu kutocheka, kwa sababu ya tai, akashindwa. Kisha akaandika kwenye fomu, mahali pa maelezo, kwamba mfumo wa umeme wa gari ni mzima na umehakikishwa kwa kusikilizwa. Ofisini walisoma sentensi hiyo mara mbili, wakatia muhuri.

Liévin alikaa wiki mbili bila kuitwa na mtu. Habari ilikuwa imeenea kwamba mzee wa nyundo anasema kila kitu. Alitumia muda huo kuchora mstari, kwa rula, juu ya safu ya pili ya daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa. Wanaotaka bei ya karatasi walikwenda kwa wakadiriaji wengine, ambao hawana upungufu. Lakini wiki ya tatu wakaanza kuja wanunuzi, watu wasiomjua, wakisema wamesikia kwamba kuna mtu aliyejishtaki mwenyewe kwenye bima. Mtu kama huyo, walifikiri, hatamfichia muuzaji mastiki. Na Jumamosi moja ikaja Spacio ya rangi ya fedha. Précieux alishuka bila tai.

"Papa, andika bei moja tu," alisema. "Na usinionee huruma."

Hakuonewa.

Ipsum ilitoka kwa Kapya siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, pua mpya, rangi yake ikikaribia ile ya zamani bila kuifikia. Asubuhi ya kwanza Mama Adolphine alipakia sahani arobaini, akapita kwa Liévin, akapiga honi.

"Panda, papa. Muzigo uko mingi, na sina macho ya kushoto."

Akapanda. Ufunguo ukageuzwa, yule mama wa Japani akasema yake, akajibiwa. Nje ya mji, kwenye njia ya Kinsevere, wakalikuta mbele yao lori refu linalojikokota katika vumbi lake jekundu. Mama Adolphine alisogea nyuma yake na kungoja.

Liévin alitoa kichwa dirishani. Alitazama muda mrefu, jinsi alivyokuwa akisikiliza gurudumu. Barabara ilikuwa tupu mpaka mbali.

"Pita," alisema.