Nguo Mbichi za Mama

Watu wa kwetu huombea mvua. Mwaka ule, katikati ya miaka ya themanini, mimi niliiogopa.

Mama alikuja Kangemi, Nairobi, kiangazi tu, ng'ombe wakishapelekwa malisho ya mbali. Hizo ndizo wiki pekee alizoishi na Baba, aliyelinda nyumba moja Westlands. Mvua ikinyesha ng'ombe walirudi, naye akarudi kuwakamua. Viangazi vingi vilikuwa vimepita na mimi sijapata ndugu. Nyanya akatuma neno: asipopata mimba safari hii, Baba ataozwa mke mwingine.

Kisha matajiri wa Baba, Wahindi wenye duka la vitambaa, wakasafiri kwenda harusini. Wakamwamuru asitoke getini usiku wala mchana hadi warudi.

"Mama, kwani bwana yako ameoa geti?" akatania jirani yetu, muuza mboga za sukuma.

Mama alicheka, akainamia tena unga wake.

Matajiri hawajarudi, akafika mdogo wake Baba, tope limemkaukia miguuni.

"Shemeji, kumenyesha nyumbani. Ng'ombe wako njiani. Kesho tunaondoka."

Mama alivuta karai, akatumbukiza nguo zake zote ndani ya maji.

"Siwezi kusafiri na nguo mbichi, shemeji."

Ilikuwa Agosti, baridi na mawingu. Baba mdogo alipapasa kamba asubuhi na jioni, akiguna. Alfajiri nilimwona Mama akizinyunyizia maji kwa kikombe, macho yake mlangoni, baba mdogo akikoroma ndani. Niliogopa hata kukohoa.

Siku ya tatu Baba akaja. Matajiri walikuwa wamerudi, wakampa ruhusa hadi jioni.

"Kaka, nguo gani hizi za mke wako?" mdogo wake akalalama. "Hata ngozi ya ng'ombe ingekuwa imekauka."

Baba akashika shuka moja. Akamtazama Mama, naye Mama akatazama chini.

"Kweli, bado mbichi," Baba akasema. "Mpeleke mtoto sokoni, mle mandazi. Msiharakishe."

Tulikula, tukazunguka. Mawingu yakaanza kupasuka, jua likanipiga utosini, nami nikaziwaza nguo kambani.

"Twende," baba mdogo akasema. "Soko lote tumelimaliza."

"Bado upande wa mitumba," nikamwambia, nikamshika mkono kwa nguvu asigeuke.